Gurudumu la Kupandia Nkoaranga

Lydia binti Aminieli alikuwa na kovu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Lilijikunja kama mnyoo wa mvua. Alilipata kwenye mashine ya kumenya kahawa ya baba yake, pale Nkoaranga, akiwa bado mtoto wa kutumwa maji. Hakulificha, hata siku ya harusi yake. Mtu akimwuliza alijibu, "Hapo ndipo niliposomea."

Shule ya darasani hakukaa sana. Alijua kusoma Zaburi kidogo, na kuandika jina lake kwa mkaa. Lakini mkono ule! Mumewe, Ndesanjo, aliyefanya ufundi wa pikipiki tangu ujana mpaka meno yalipomtoka, alizoea kusema kwamba katika karakana yao wamo mafundi wawili, na yeye ni wa pili. Watu walidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kazi ya Lydia ilikuwa hivi. Injini ikishafungwa, kabla haijawashwa, Ndesanjo alimwita. Alikuja kutoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alilishika gurudumu la injini kwa kiganja, akalizungusha taratibu, akaliacha, akalishika tena. Macho ameyafumba. Kisha alisema neno moja kati ya mawili: "Bado," au "Hapo." Akisema bado, Ndesanjo alifungua upya, hata kama mwenye pikipiki amesimama mlangoni anatukana. Akisema hapo, injini ile ilikwenda.

Wapo waliocheka. Jamaa mmoja aliwahi kuuliza kama amekuja kwa fundi au kwa mpiga ramli.

"Kwa fundi," Ndesanjo alimjibu. "Mngoje kidogo, anaepua ndizi."

Lydia mwenyewe hakupenda kusifiwa. Ukimsifu alikuuliza kama umekula.

Sasa hayupo. Alifariki kahawa ikiwa katika maua, mlima wote mweupe. Ila habari hii si ya siku ile. Hii ni ya siku ambazo Ndesanjo alikaribia kumkosa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita, kahawa ilipokuwa na bei na kila mwenye shamba mlimani akitaka mashine yake ya kumenyea. Ndesanjo alikuwa kijana wa Kichaga kutoka Machame. Alikuja Arusha mjini na nguo alizovaa, akapata kazi kwenye karakana ya Singasinga mmoja. Nyuma ya karakana palikuwa na rundo la vyuma chakavu: malori ya jeshi, pikipiki za maofisa waliokwisha rudi kwao. Singasinga alimwambia, "Utakachofufua, chukua." Ndesanjo akafufua pikipiki moja. Tangi la hii, magurudumu ya ile, injini ndogo ya silinda moja ya nyingine. Sura haikuwa nayo. Ilipopita, mbuzi walikimbia na watoto walikohoa. Lakini ilikuwa yake.

Siku moja alitumwa Nkoaranga, kwa Mzee Aminieli. Mashine ya mzee ilikuwa inakwama. Ndesanjo alifika kwa miguu, jasho linamtiririka, maana pikipiki ilikuwa imezimika chini kabisa mlima ulipoanzia.

Mashine yenyewe ilikaa kando ya mfereji, chini ya migomba. Ni sanduku la chuma lenye ngoma ya shaba ndani. Ubavuni lina gurudumu kubwa lenye mpini. Unamimina kahawa mbivu kwa juu, maji yanafuata, unazungusha. Maganda yanatokea huku, mbegu zinatokea kule. Msichana alikuwa anaizungusha. Huyo ndiye Lydia.

Ndesanjo alimsalimia, akaushika mpini, akasukuma kwa nguvu zote, kama kijana anayejua anatazamwa.

"Kaka," Lydia akasema, "mmegombana?"

"Na nani?"

"Na mashine."

"Naizungusha tu."

"Unaisukuma. Isindikize. Mpe mkono, mwache aende, akikaribia kuchoka mpe tena."

Ndesanjo akajaribu. Gurudumu likaenda. Mabega yake yakashuka. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona aibu tamu kama ile. Ubovu aliuona upesi, bushi, yaani pete inayobeba ekseli, ilikuwa imelika, na kazi ikaisha mchana. Aliondoka jioni.

Tangu hapo Jumapili zote alisali Nkoaranga. Arusha mjini makanisa yalikuwepo. Mzee Aminieli hakuwa kipofu.

Mzee huyu alikuwa mfupi, mkavu, mwenye koti la kaki alilolivaa jua na mvua. Mtu mwema, ila mgumu. Washenga wa Ndesanjo walipofika kwake na pombe yao, aliwakaribisha, akanywa, akafuta mdomo.

"Kijana wenu namfahamu," akasema. "Nyimbo anaimba vizuri. Lakini hana mgomba hata mmoja mlimani hapa. Kitu alichonacho ni kile chombo cha kukohoa. Nacho kinafia chini kila Jumapili, nakisikia kikikata roho. Mimi nimwoze binti yangu kwa mtu ambaye chombo chake hakifiki kwangu? Akiugua usiku atampeleka na nini?"

Washenga wakatazamana.

"Mwambieni hivi. Siku chombo kile kitakaponichukua mimi Aminieli kutoka barabara kuu mpaka mlangoni pangu, mguu wangu usiguse ardhi, aje tuzungumze. Awahi. Kahawa ikiisha mitini, watu wa Sadoki wa Kikatiti watakuja kunywa pombe yao, na nimekwisha wakubalia kuja."

Sadoki alikuwa mwenye duka pale Kikatiti, kwenye barabara ya Moshi. Mtu mzima, mpole, mwenye bati juu ya nyumba. Hakuwa na kosa lolote. Kosa lake ni kwamba Lydia hakumtaka.

Hilo alimwambia Ndesanjo Jumapili iliyofuata, kwenye ua wa masale uliozunguka boma lao, yeye ndani, Ndesanjo nje.

"Kikatiti siendi kwa moyo," alisema. "Lakini baba nikimkatalia mbele za watu nitakuwa nimemvua nguo. Sitamvua. Fika wewe."

"Na nisipofika?"

"Utasikia nimekwenda."

Basi.

Jumamosi ya wiki ile Ndesanjo alimngojea mzee barabarani. Mzee alishuka na fimbo yake na koti lake. Wanawake waliokuwa wakirudi sokoni wakasimama kutazama.

"Nishike wapi?" mzee akauliza.

"Kiunoni kwangu, Baba."

"Kiunoni kwa nani? Mkwe hakumbatiwi. Nawe hujawa hata mkwe."

Akashika chuma cha kukalia nyuma, akakaa wima kama yuko kanisani. Wakaondoka.

Njia ile ina sehemu mbili mbaya. Ya kwanza ni kona, imejikunja kama kiwiko, nayo inapanda palepale inapokata. Ya pili iko juu zaidi, karibu na kwa mzee, mahali mizizi ya miti imevuka njia kama ngazi. Mvua ikinyesha, hata mbuzi hupapita kwa kufikiri.

Walifika kwenye kona. Ndesanjo alipunguza mafuta ili akate. Injini haikusikia, iliendelea kuvuta ilivyokuwa ikivuta, ikamtoa nje ya njia. Akaibana breki, akakata kwa shida, akafungua mafuta. Sasa injini ikawa imelala. Ilianza kuamka polepole, kama mtu mnene anayeinuka kitini, na kabla haijasimama sawasawa pikipiki ilikuwa imesimama, ikaanza kurudi kinyumenyume kwenye migomba.

Mzee aliweka miguu yote miwili chini.

"Shamba hili la nani?" akauliza.

"La Mama Ruth," akajibu mwanamke mmoja.

"Basi Mama Ruth ana mabinti. Wewe kijana umeposa kwa Mama Ruth."

Wanawake walicheka mpaka mizigo ikawateremka vichwani. Mzee akapanda mlima kwa miguu yake.

Ndesanjo alirudi mjini akaifungua injini. Ubavuni, chini ya kifuniko, injini ile ina gurudumu la chuma. Mafundi wanaliita flaiwili. Kazi yake ni kutunza mwendo. Injini ya silinda moja hupiga, ikapumzika, ikapiga. Flaiwili ndiyo inayoivusha kwenye yale mapumziko. Flaiwili ya pikipiki ile ilikuwa nene, nzito, ya kubeba mashine kwenye barabara ndefu. Ndesanjo aliona ubaya wake: ikishika mwendo haitaki kuuacha, ikiuacha haitaki kuushika.

Kwenye rundo mlikuwa na flaiwili mbili nyingine za injini za ukoo ule ule. Moja nene kama ile ile. Ya pili nyembamba kama sahani, ya pikipiki iliyowahi kutumiwa na Mzungu mmoja kwa mashindano.

Mkata vyuma wa karakana alikuwa Mwarusha, jina lake Koikai. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kukereza. Ndesanjo alimwonyesha zote mbili. Koikai alizipima mikononi, moja huku, moja huku.

"Hapa kuna la kuuliza?" akasema. "Punda akishindwa mlima unamfanya nini? Unampunguzia. Weka hii sahani."

"Nami ndivyo ninavyoona."

"Mlima haupendi mzigo, ndugu yangu."

Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kama watu wa mlimani. Mtu wa tambarare pengine angeuliza, angejaribu kwanza. Lakini Ndesanjo alikuwa amezaliwa kwenye mteremko. Alimwona mama yake akipanda na mikungu tangu akiwa mgongoni. Kitu chepesi hupanda, kizito huchoka: hilo mtu wa mlimani halifikirii, analo magotini.

Wakafunga ile nyembamba. Ndesanjo aliijaribu Njiro, wakati huo nyasi tupu na ng'ombe wa Waarusha. Iliruka! Ukigusa mafuta imekwisha kwenda, ukiachia imekwisha tulia. Koikai alipiga mluzi mpaka ng'ombe wakageuka. Ndesanjo usiku ule hakulala kwa furaha.

Safari ya pili watu walikuwa wengi zaidi. Kwenye kona pikipiki ilikata kama kisu. Mama Ruth mwenyewe alikuwa shambani akapiga vigelegele. "Leo hukai kwangu!" alipaza sauti. Mzee nyuma alishika chuma kwa mikono miwili.

Wakafika kwenye mizizi. Mwendo pale ni wa kinyonga. Gurudumu la mbele likapanda mzizi wa kwanza, injini ikapiga kwikwi. Mzizi wa pili, ikazimika. Ndesanjo alikuwa ameweka mguu wake mwenyewe chini, mzee bado yuko juu. Akapiga kiki, ikawaka, ikasogea, ikazimika. Akapiga tena. Ikazimika. Pikipiki ikaanza kuteleza. Mzee akashuka kabla hajashushwa.

"Ile ya kwanza ilikuwa na usingizi," akasema, akijipangusa koti. "Hii ya leo ina haraka ya mbuzi na roho ya kifaranga."

"Nisamehe, Baba."

"Umenikosea nini? Kahawa bado ipo mitini. Kidogo." Akatazama juu, matawi yalikuwa karibu matupu. "Ikiisha, maneno yangu nayo yameisha."

Ndesanjo aliisukuma pikipiki mpaka kwenye mfereji ili apozeshe injini. Hakuwa na moyo wa kushuka. Alikaa juu ya jiwe. Lydia alikuwa kwenye mashine, mama yake anapembua kahawa pembeni, kwa hiyo haikuwa haramu kuzungumza.

"Umezimika wapi?" Lydia akauliza.

"Kwenye mizizi."

"Na mara ya kwanza?"

"Konani." Akamweleza habari ya flaiwili. Alieleza kwa uchungu, akionyesha kwa mikono, nene hivi, nyembamba hivi. Hakutegemea jibu. Alitaka tu kusemea mahali.

Lydia aliacha kuzungusha. Gurudumu likaenda lenyewe kidogo, likasimama.

"Njoo," akasema.

Kando ya mfereji ule ule palikuwa na mashine ya Mama Ruth, maana walichangia maji. Gurudumu la mashine hiyo lilipasuka zamani, mumewe akaichongea la mti. Lydia akamimina kahawa kidogo.

"Zungusha."

Ndesanjo akazungusha. Gurudumu la mti lilikuwa jepesi, raha tupu. Mara ikaingia kokwa ngumu, bichi. Gurudumu likasimama kwa kishindo. Akalisukuma, likaenda, kokwa nyingine, likasimama.

"Hiyo ndiyo mizizi yako," Lydia akasema. "Sasa njoo kwetu."

Kwenye gurudumu la chuma la Mzee Aminieli, kokwa bichi ziliingia zikapita. Mkono ulisikia kama mapigo ya moyo tu, tup, tup, kisha mwendo ukaendelea. Ndesanjo akaanza kucheka peke yake.

"Basi nirudishe ile nzito."

"Nzito ulishatumia, ikakuweka kwa Mama Ruth." Akanyoosha mkono wa kulia, kovu juu. "Unaona hili? Gurudumu letu halikuwa hivi. Lilikuwa na mkanda wa chuma umefungwa ukingoni kuzunguka. Nikiwa mdogo jiwe liliingia kwenye kahawa. Nikataka kulisimamisha. Nani asimame? Lilinivuta mkono mpaka ndani."

Mama yake aliinua kichwa kidogo, akakiinamisha tena.

"Mkanda wenyewe uko wapi?"

Lydia akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba kuku walikuwa wamekaa ndani ya duara la chuma lenye kutu, wamelitandikia majani.

"Nani aliufungua?"

"Baba. Siku ile ile, damu yangu haijakauka. Alisema, litakalopitisha kokwa bila kumvunja mtoto mkono, hilo ndilo gurudumu. Alilijaribu na mkono wake mwenyewe jioni yote. Tangu hapo hajaligusa."

Ndesanjo alilitazama gurudumu, akawatazama kuku, akamtazama msichana. Alisema baadaye kwamba pale ndipo alipojifunza ufundi. Mwanzo alikuwa anajua kufungua nati tu.

Siku ya soko mama yake Lydia alishuka Arusha na ndizi, Lydia naye. Ndizi zilipokwisha wakapita karakana. Mama akakaa mlangoni juu ya pakacha tupu, mgongo kwa ndani, uso kwa barabara.

"Watu wanakuona, mwanangu," akasema.

"Waone, Mama."

"Sijasema utoke. Nimesema wanakuona."

Flaiwili nene ya pili ndiyo iliyokuwa imebaki. Moja tu. Chuma kikishakatwa hakirudi, na ndani ya flaiwili ile mna sumaku za kuleta cheche. Ukikata sana unazifikia, nayo imekufa. Koikai aliifunga kwenye mashine ya kukereza. Akamtazama Lydia.

"Tangu lini mwanamke akapima chuma?"

"Tangu lini Mwarusha akaacha ng'ombe akakata chuma?"

Koikai akacheka, akapiga paja. "Haya, bibi. Amri ni yako."

Akakata ukingoni, sawasawa kuzunguka, nyuzi za chuma zinadondoka zikiwaka jua. Akasimamisha. Ndesanjo akaipachika kwenye ncha ya ekseli ya injini. Lydia akaweka kiganja. Akazungusha, akaacha, akashika. Injini ilimrudishia pumzi yake.

"Bado."

Wakatoa, wakakata tena. Kidogo.

"Bado."

Koikai alianza kutokwa jasho. "Dada, tukiendelea tutafika kwenye sumaku."

"Kata wembamba wa ukucha."

Akakata wembamba wa ukucha. Lydia akalizungusha tena. Safari hii aliliacha muda mrefu zaidi. Lilivuka pale injini inapobana, likaenda, likavuka tena, na alipolishika halikumbishia. Akafumbua macho.

"Hapo."

Neno lile Ndesanjo alilisikia mara nyingi sana baadaye, miaka na miaka. Hakulizoea.

Iliyobaki ilikuwa kazi yake. Aliipitisha flaiwili kwenye fimbo ya chuma iliyonyooka, akailaza fimbo juu ya makali mawili yaliyo sawa. Upande uliokuwa mzito ulishuka wenyewe chini. Akautoboa vishimo vidogo kwa ndani, akajaribu, mpaka gurudumu likakaa popote ulipoliacha, halichagui upande. Ncha ya ekseli ni nyembamba kwa mbele, nayo tundu la flaiwili limechongwa kuifuata. Akapaka dawa ya kusagia, akasaga hivi na hivi mpaka vyuma vikakamatana kotekote. Akaosha kwa mafuta ya taa. Akaweka kijichuma cha kuzuia isihame, akakaza nati kwa uzito wa mwili wake wote. Akaweka ncha ya waya karibu na ukingo, akazungusha, kuona kama linayumba. Halikuyumba. Akatengeneza cheche upya, maana gurudumu jepesi linataka cheche ije kwa wakati wake.

Lydia na mama yake walikuwa wameshaondoka. Ndesanjo hakwenda Njiro kuijaribu. Kule alishadanganywa.

Safari ya tatu, kahawa ya Mzee Aminieli ilikuwa imebaki miti ya kando ya ua tu. Watu wa Sadoki walikuwa wamekwisha tuma salamu. Asubuhi ile ukungu ulishuka mpaka barabarani, na manyunyu juu yake. Ndesanjo alikuwa amefunga jani la isale, mmea wa ua kama ule wa kwa mzee, kwenye usukani, limepigwa fundo. Kwa Wachaga kama yeye na kwa Wameru kama mzee, mtu akikuletea isale ameomba radhi, nawe huna njia ya kumfukuza. Mzee aliliona.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Leo kuna matope."

"Yapo."

"Kupanda mchongoma," mzee akasema, akapanda.

Kwenye kona Ndesanjo alipunguza mafuta, injini ikashuka naye. Akakata. Akafungua, ikaamka naye. Mama Ruth alikuwa amesimama na jembe, mdomo wazi. Safari hii hakupiga kelele, aliogopa kuharibu.

Wakaikabili mizizi. Ikilowa ile mizizi inang'aa kama samaki. Gurudumu la mbele likapanda mzizi wa kwanza. Injini ikapiga kwikwi, tup, ikavuka. Wa pili, tup, ikavuka. Ndesanjo hakuisukuma. Aliisindikiza. Kwenye mzizi mkubwa kabisa pikipiki iliteleza kiubavu, nyuma ikaelekea bondeni, na injini ikashuka sauti mpaka ikawa kama inanong'ona. Hapo Ndesanjo akasikia kitu kimemkaza tumboni. Ilikuwa mikono miwili, mikavu kama kamba, imemzunguka kiuno na kumbana mpaka pumzi zikamtoka. Na kichwa cha mzee, na kofia yake, kimelala mgongoni kwake.

Injini ikapiga. Ikapiga tena. Wakavuka.

Kwenye mfereji wanawake waliokuwa wakimenya kahawa waliona wote. Mmoja akapaza sauti: "Jamani! Mzee amemkumbatia mkwe!"

"Nani kamkumbatia?" mzee alipiga kelele kutoka mgongoni kwa Ndesanjo. "Nimeshika tu!"

"Umeshika, Baba, umeshika! Usimwachie!"

Wakaingia ua wa masale. Ndesanjo alisimama mlangoni, sawasawa kabisa, mbele ya kizingiti. Akazima. Ukimya uliofuata ulijaa maji ya mfereji. Lydia alikuwa kwenye mashine, mkono juu ya gurudumu, hakuja.

"Tumefika, Baba. Shuka."

Mzee hakushuka. Alikuwa ameachia kiuno sasa, amekaa wima, amenyoosha koti. Akatazama ardhi. Akatazama kuku kwenye lile duara la chuma.

"Ulifanya nini?" akauliza. "Ile ya kwanza ilikuwa na usingizi. Ya pili ilikuwa na haraka. Hii umeifanya nini?"

"Nimepunguza ukingo wa gurudumu, Baba. Kama ulivyofungua ule mkanda. Mpaka likapitisha kokwa bila kuvunja mkono."

Manyunyu yaliendelea. Ndesanjo aliogopa kugeuka.

"Nani alikuambia habari ya mkanda?"

Mzee alikuwa tayari anamtazama binti yake, kule kwenye mfereji, na mkono wake wa kulia.

"Alilia kidogo tu," mzee akasema, taratibu, kama anazungumza na usukani. "Mimi ndiye niliyelia."

Kisha akapandisha sauti.

"Mama Lydia! Leta kigoda. Niliapa mguu usiguse ardhi kabla ya mlango, nami si mtu wa kupindisha neno kwa hatua moja."

Kigoda kikaletwa, kikawekwa kati ya pikipiki na kizingiti. Mzee Aminieli akakanyaga kigoda, akaingia ndani. Mlangoni akageuka, akanyoosha mkono.

"Na hilo jani ulilofunga hapo mbele, si la kuonyesha barabara. Lete."

Ndesanjo alilifungua kwenye usukani, taratibu kuliko nati yoyote. Nyuma yake alisikia mashine ya kahawa imeanza tena kuzunguka. Mkono, kisha kimya, kisha mkono.